Asiye na Hisa, Ana Haki ya Kusema?



Katika darasa yetu ya baada ya Isha pamezuka mjadala uliochukua siku mbili, na haukwisha ila kwa watu kuondoka na nyuso zilizokunjana. Asili yake ni hii. Mmoja katika wanafunzi wetu, mtu mzima mwenye biashara yake, ni wasii wa watoto wa marehemu nduguye. Watoto hao wameachiwa fedha kidogo, naye akaazimia kuzitia katika hisa za kampuni moja ambayo yeye mwenyewe ana hisa zake tangu miaka mingi. Akaja kushauri barazani, kama ilivyo ada yetu. Kijana mmoja anayesomesha hesabu skuli akamwambia: "Ami, mimi nimezisoma hesabu za kampuni hiyo. Madeni yake yapanda kila mwaka, na faida haipandi. Sioni kuwa hapo ni mahali pa kuweka mali ya yatima."

Yule bwana akamtazama, kisha akamwuliza: "Wewe mwanangu, una hisa ngapi katika kampuni hiyo?" Kijana akajibu kuwa hana hata moja. "Basi haya hayakuhusu," akasema. "Wenye hisa ndio wenye kujua, kwa sababu ndio waliotia mali yao. Asiyetia kitu hana cha kusema." Waliokuwapo wakacheka, na kijana akanyamaza.

Nimeombwa niandike juu ya jambo hili, kwani maneno kama hayo hayasemwi katika baraza yetu peke yake. Kila pazungumzwapo hisa husemwa. Kabla ya yote nakiri kuwa mimi pia sina hisa ya kampuni yoyote. Basi aliyekwisha kukata shauri kuwa asiye na hisa hana neno, na aufunge ukurasa huu hapa hapa asipoteze wakati wake. Ama suala la hisa zipi ni halali kununuliwa na zipi si halali, hilo tumelisoma katika darasa nyingine, na leo siliingii.

Hisa ni fungu la kampuni. Mwenye kununua hisa amekuwa mshirika: kampuni ikipata faida na wakurugenzi wakaamua kuigawa, hupata gawio lake, ikifilisika, fungu lake hupotea, na kila mwaka huitwa katika mkutano mkuu akapiga kura. Asiye na hisa hana haki hizi. Akienda mlangoni pa mkutano akataka apige kura ya kumweka mkurugenzi au kumwondoa, atarudishwa, na ni haki arudishwe, kwani mali si yake. Kufikia hapa bwana wetu hakukosea.

Lakini kijana hakuomba kura. Alisema kuwa madeni ya kampuni yapanda na faida haipandi. Neno hili ama ni kweli ama si kweli, na ukweli wake umeandikwa katika daftari za kampuni, haukuandikwa katika mfuko wa kijana. Lau angalinunua hisa 1,000 asubuhi ile, madeni yasingezidi wala yasingepungua. Bwana wetu aliulizwa juu ya madeni, naye akajibu juu ya mwulizaji. Hii ni hila ya zamani sana katika mabishano, na huwapita wengi kwa kuwa huchekesha.

Tena tutazame: kwa nini mtu akakosa kuwa na hisa za kampuni fulani? Sababu ni nyingi. Yuko asiye na fedha, na yuko asiyejua lolote. Lakini yuko pia aliyeziangalia hesabu, akazipima, akaona bei ni ghali au kampuni ni dhaifu, akaacha. Huyu wa mwisho kutonunua kwake ndiyo rai yake yenyewe! Mfano wake ni jahazi lililofunga gati likingoja abiria. Watu ishirini wakaenda kulitazama: kumi wakapanda, na kumi wakaona ubao uliooza karibu na mkuku wakarudi majumbani. Ukitaka kujua khabari ya jahazi hilo, kisha ukasema, "Nitawauliza waliopanda tu, kwani hao ndio wenye kuhusika," umekwisha kuwatoa wale wote waliouona ubao. Utapata umoja wa kauli, naam, lakini ni umoja ulioutengeneza wewe kwa kuwachagua wa kuwauliza.

Na ajabu nyingine ni hii. Katika soko la hisa hapana anunuaye ila yuko auzaye. Kila hisa unayoinunua leo imetoka mkononi mwa mtu aliyeona kheri kuiacha kwa bei hiyo. Saa moja kabla alikuwa mwenye hisa, na kwa kauli ya bwana wetu alikuwa mjuzi. Saa moja baadaye hana hisa, basi amekuwa jahili? Elimu yake imekwenda wapi? Pengine yeye ndiye ungalimpata ungalimwuliza kwanza, umwambie: kwa nini umeuza?

Sisi watu wa nchi hii tuna sababu zaidi ya kujihadhari na kauli hiyo. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kufanya biashara ndani yake mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Katika miaka hiyo mtu wa Mombasa au wa Kisumu aliyeijua kampuni kwa kuifanyia kazi miaka ishirini hakuwa na hisa, na aliyeko Uingereza asiyepata kuiona alikuwa nazo. Kwa kauli ya "wenye hisa ndio wenye kujua", yule wa pili ndiye mjuzi.

Sasa natutazame fiqhi, kwani mlango wa ushahidi una mafunzo makubwa katika jambo hili. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa ushahidi wa mtu anayejivutia nafuu kwa ushahidi huo haukubaliwi, na wa mtu anayejiondolea madhara vile vile. Wakatoa mfano wa mshirika: hakubaliwi kumshuhudilia mshirika wake katika mali wanayoshirikiana, kwa kuwa kwa hakika anajishuhudilia nafsi yake. Wala si kwa kuwa kila mshirika ni mwongo, la! Huenda akawa mcha Mungu wa kwanza katika mji. Ni kwa ajili ya tuhuma; moyo wa binadamu hupendelea kilicho chake hata pale asipokusudia.

Basi mwenye hisa ni nani, ikiwa si mshirika? Akisimama barazani akaisifu kampuni yake, bei ikipanda yeye hufaidika, ikishuka yeye hupata khasara. Kwa kipimo cha mafaqihi, yeye ndiye mwenye tuhuma. Bwana wetu ameupindua mlango huu juu chini: amemfukuza asiye na nafuu, akabakisha mwenye nafuu peke yake.

Iko hali moja ambayo neno la mwenye hisa huwa zito kuliko la mtu yeyote, nayo ni pale anaposema kinyume cha faida yake. Hii ndiyo iitwayo ikrari, na ikrari ya mtu juu ya nafsi yake huchukuliwa. Mwenye hisa akikwambia, "Mimi nina hisa hizi na najuta, usizinunue," mkalishe, umwagizie kahawa, umsikilize mpaka mwisho.

Na iko khabari aliyoipokea Imam Ahmad katika Musnad wake, ambayo mafaqihi wetu wameitaja katika mlango wa aibu za bidhaa, na haifai kuandika juu ya suala hili bila kuitaja. Mtu mmoja alinunua ngamia jike kutoka nyumba ya sahaba Wathila bin Al-Asqa. Alipokuwa akitoka naye, Wathila akamkimbilia huku akiburura shuka yake, akamwuliza kama muuzaji amembainishia kilichomo katika ngamia. Yule mnunuzi akashangaa: kuna nini? Ngamia amenona na uzima wake waonekana. Wathila akamwuliza kama amemtaka kwa safari au kwa nyama, naye akajibu kuwa anataka kwenda kuhiji juu yake. Ndipo Wathila akamwambia kuwa unyayo wa ngamia huyo una tundu. Mwenye ngamia akalalamika: una nini wewe, waniharibia biashara yangu! Wathila akajibu kuwa amemsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akikataza mtu kuuza kitu bila kubainisha aibu yake, na akimkataza aijuaye aibu hiyo kuinyamazia.

Tazama, ndugu yangu, Wathila amesimama wapi katika khabari hii. Hakuwa mnunuzi, wala si yeye aliyekuwa akiuza. Kwa lugha ya leo, hakuwa na hisa. Na lalamiko la mwenye ngamia ndilo lile lile tulilolisikia barazani. Mafaqihi wakaichukua hukumu: mgeni wa mauzo akiijua aibu ya bidhaa, yampasa amweleze mnunuzi. Hawakusema ana ruhusa tu. Wamesema ni wajibu.

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya ngamia, na kampuni za zama zetu zina wakaguzi na sheria. Basi nitamsimulia khabari ya Wirecard, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa karibu na mji wa Munich, kazi yake kupitisha malipo ya biashara kwa njia ya mitambo. Septemba 2018 iliingizwa katika orodha ya kampuni 30 kubwa za soko la hisa la nchi ile, na Wajerumani wengi walijifakharisha nayo. Tangu mwaka 2015 mwandishi mmoja wa gazeti la Financial Times la London, Dan McCrum, alikuwa akiandika kuwa hesabu zake zina mambo yasiyoeleweka. Januari 2019 gazeti likatoa khabari ya mambo yaliyofanywa katika ofisi ya kampuni hiyo ya Singapore. Je, wakubwa walifanya nini? Wasimamizi wa soko wa Ujerumani, Februari ya mwaka huo, walipiga marufuku kwa miezi miwili kuweka dau la kushuka kwa hisa za Wirecard, na Aprili wakawashitaki waandishi wa gazeti kwa waendesha mashitaka. Wenye hisa wengi wakasema kuwa maneno hayo ni ya mahasidi.

Tarehe 18 Juni 2020 wakaguzi wa hesabu walisema kuwa Euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika daftari haziwezi kuthibitishwa. Ilidaiwa kuwa fedha hizo zimewekwa katika mabenki mawili ya Philippines. Mabenki yenyewe yakasema kuwa hayana fedha hizo. Siku saba baadaye kampuni ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, na hisa iliyokuwa zaidi ya Euro 100 katikati ya mwezi ikawa chini ya Euro 2 kabla ya mwezi kwisha. Mashitaka juu ya waandishi yakafutwa mwaka huo huo.

Nimeichagua khabari hii kwa sababu moja khasa. Mkuu wa kampuni, Markus Braun, ndiye aliyekuwa na hisa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, kiasi cha mafungu 7 katika 100. Naye amekana mahakamani kuwa alishiriki udanganyifu. Sisi hatuhukumu kesi ya watu. Lakini lolote litakalokuwa, kauli ya bwana wetu haisimami: ikiwa Braun alijua, basi mwenye hisa nyingi kuliko wote alijua asiseme, na ikiwa hakujua, basi hisa zote zile hazikumjuza kuwa Euro bilioni 1.9 haziko.

Pamoja na hayo, nachelea wasomaji vijana wasije wakashika upande wa pili kwa pupa, wakasema kuwa kila asiye na hisa ni Wathila. Si hivyo. Wakaguzi waliozitia sahihi hesabu za Wirecard mwaka baada ya mwaka hawakuwa wenye hisa, na hawakuona. Tena kutokuwa na hisa si sawa na kutokuwa na nafuu. Katika masoko makubwa wako watu wanaoazima hisa za wengine, wakaziuza leo kwa bei ya leo, wakitaraji bei ishuke ili wazinunue kwa rahisi na kuzirudisha, kilichobaki kiwe faida yao. Mtu huyu hana hisa, bali ana hisa kinyumenyume! Akiikashifu kampuni ana nafuu katika kukashifu kwake, kama vile mwenye hisa ana nafuu katika kusifu kwake. Na yuko anayeishushia hadhi kampuni apate kuinunua rahisi kesho. Na yuko mwenye uadui na wakubwa wa kampuni; na ushahidi wa adui juu ya adui yake, mafaqihi wameukataa kama walivyoukataa wa mshirika kwa mshirika.

Yuko vile vile anayelipwa kwa kusifu. Mwaka 2003 mabenki kumi makubwa yafanyayo kazi Marekani yalikubali kulipa jumla ya dola bilioni 1.4 hivi, baada ya kutuhumiwa kuwa washauri wao walikuwa wakizipamba mbele ya umma hisa za kampuni ambazo benki ilitaka kupata kazi kwao. Wengine katika washauri hao, katika barua walizoandikiana wenyewe kwa wenyewe, walizidharau hisa hizo hizo. Fiqhi yetu ina jina la aina ya jambo hili karibu nalo: najashi, yaani mtu kupandisha bei ya bidhaa naye hana haja ya kuinunua, ili mwingine aghurike.

Kwa hivyo swali la bwana wetu, "Una hisa ngapi?", si swali baya. Baya ni kuliuliza upande mmoja, na kulifanya ndiyo jawabu. Lingekuwa swali jema lau angaliwauliza wote, akianza na nafsi yake.

Na wala tusifikiri kuwa matokeo ya bei ndiyo yatakayotuhukumia mara moja. Wakenya wengi wanaikumbuka khabari ya Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Watu walipanga mistari, na wengine wakakopa benki kwa riba ili wanunue, jambo ambalo hukumu yake haina haja ya darasa. Waliosema kuwa hisa ni nyingi mno na bei haitakwenda mbali waliambiwa ni wivu wa wasio na shilingi 10,000. Hisa zilipofunguliwa sokoni Juni mwaka ule, bei ikapita shilingi 7, na wenye hisa wakacheka. Mapema mwaka 2009 ikashuka chini ya shilingi 3, na wasio na hisa wakacheka. Mwaka 2021 ikapita shilingi 40. Mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Nani alikuwa mkweli? Wengine walikuwa wakisema juu ya mwaka mmoja na wengine juu ya miaka kumi na mitatu, na hapana aliyemwuliza mwenziwe. Aliyekopa kwa miezi sita aliumia kweli. Na aliyetia akiba yake akangoja, alipata kweli. Waliokuwa na haja ya kujua haya hawakuyapata, kwani mazungumzo yote yalikuwa ni nani ana hisa na nani ana wivu.

Nitaongeza mfano mmoja mfupi wa hapa hapa kwetu. Hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias zilianza kuuzwa sokoni Nairobi mwaka 2001, na mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya madeni. Wakulima wa miwa waliocheleweshewa malipo yao waliionja shida hiyo zamani kabla ya mwaka huo. Mkulima asiye na hisa, anayengoja fedha za miwa aliyokwisha kuipeleka, ana khabari ambayo mwenye hisa huipata baadaye katika kitabu cha mwaka. Laiti wenye hisa wangaliwaendea wakulima wakawauliza: mumelipwa?

Sasa nirejee kwa bwana wetu na yatima wake. Wasii si mwenye mali. Yeye ni mwenye amana, na yampasa kutazama lililo na maslaha kwa watoto, si lile analolipenda yeye. Nilimwuliza kwanza hisa hizo atazinunua kwa nani, kwani wasii haruhusiwi kumwuzia yatima mali yake mwenyewe. Akasema atanunua sokoni kwa dalali. Vema. Nikamwambia: hata hivyo wewe ni mshirika katika kampuni hii, na wataka kuwatia yatima katika ushirika wako. Katika watu wote wa baraza hii, wewe ndiwe mwenye haja zaidi ya kusikiliza neno la asiye na hisa. Na kijana naye nikamwambia kuwa kunyamaza kwake sikukupenda. Ikiwa ameuona unyayo wenye tundu, hana ruhusa ya kunyamaza kwa kuwa watu wamecheka. Na ikiwa hakuuona vizuri, basi arudi akautazame tena kabla ya kusema.

Tumepatana hivi. Alkhamisi ijayo, inshallah, kijana ataleta hesabu za kampuni za miaka mitano, atusomee ukurasa wa madeni na ukurasa wa faida. Bwana wetu atajibu madeni kwa hesabu. Kila atakayesema ataandika kwanza ubaoni idadi ya hisa zake katika kampuni hiyo, na asiye nazo ataandika sifuri, mimi nikiwa wa kwanza. Fedha za watoto zitakaa zilipo mpaka hapo.